Keki ya Sura ya Kumi na Mbili

"Keki hii nani kaoka?"

Vernita aliuliza akiwa bado mlangoni, mkoba begani, gauni lake la njano halijakaa sawa. Sebuleni kwa Mama Earline walikuwa wamejaa wanawake kumi na mmoja, wote njano tupu. Chama cha wasomaji cha mtaa wa Orange Mound kina desturi yake: mnavaa rangi ya jalada la kitabu, na mnapika kile wanachokula watu wa kwenye kitabu. Kuku wa kukaanga alikuwepo, mkate wa mahindi ulikuwepo. Na katikati ya meza kulikuwa na keki ya limau iliyopakwa sukari ya bluu, ina mshumaa mmoja ambao haujawashwa.

"Mimi nimeoka," Mama Earline alijibu, akijifuta mikono kwenye aproni. "Imetoka sura ya kumi na mbili. Usiniambie hujasoma kitabu cha mpenzi wako, mwanangu!"

Hakuwa amesoma. Thaddeus alimwomba asubiri. "Kisikie kwanza kwa wasomaji, mpenzi, mimi nikutazame uso." Na yeye akakubali, maana mwanaume ukishampenda, hata ombi la kijinga linakuwa tamu.

Sasa aliikazia macho keki. Kwa miaka ishirini keki ile ilikuwa imeokwa katika jiko moja tu Memphis nzima, na jiko lenyewe ni lake. Alizaa akiwa na miaka kumi na sita. Mtoto akampa jina la Micah, akakaa naye siku mbili hospitalini, kisha akasaini karatasi za kumtoa aasiliwe na mume na mke wa Little Rock. Tangu hapo, kila tarehe kumi na nne Oktoba, anashusha mapazia, anaoka, anapiga picha, anaituma pamoja na barua kupitia shirika lililosimamia mambo yale. Miaka yote hakujibiwa. Mwaka huu, mwezi Machi, kijana akajibu. Amekubali kumwona, Jumamosi hii inayokuja, saa saba mchana, kwenye mgahawa hukohuko Little Rock.

Siri yote hiyo alimpa mtu mmoja tu.

"Kaa basi, shosti, tumeshaanza kumchambua Delphine," alisema mwanamke mmoja, akimvuta mkono.

"Delphine ndiye nani?"

"Mama wa mtoto! Yule shetani!"

"Angekuwa hapa ningemzaba kofi," akadakia mwingine, mdomo umejaa kuku. "Eti keki! Umtupe mtoto, halafu ujifanye kumwokea keki?"

"Amemtupa wapi?" Vernita aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama Earline akavaa miwani, akafungua kitabu, akasoma kwa ile sauti yake ya kusomea matangazo kanisani:

"Delphine alimweka mtoto juu ya mashine kwenye duka la kufulia nguo, mashine yenyewe ingali inatetemeka. Akatoka bila kugeuka. Nje kulikuwa na mwanaume anamsubiri, na hakutaka kumchelewesha."

"Mnaona?" akasema yule wa kofi. "Mwanaume!"

Hapohapo mlango ukafunguliwa. Thaddeus Bell mwenyewe, tai ya njano, boksi la vitabu kifuani. Makofi, vigelegele, kukumbatiwa kila upande. Kwa hilo nitamsifu, huyu bwana anajua watu. Alimuuliza mmoja habari ya goti lake, mwingine habari ya mjukuu wake. Kwa miaka tisa, kabla wachapishaji wa New York hawajakichukua kitabu hiki, alikuwa akijichapishia mwenyewe, akiuza vitabu vyake kutoka kwenye buti la gari nje ya saluni na makanisa, na kila Jumamosi akikaa maktaba kwenye darasa la waandishi weusi wanaojifunza biashara ya vitabu. Huko walifundishwa kwamba msomaji ni ndugu, mjibu barua zake zote, na akitaka kuamini jambo usimzibie njia.

"Tuambie, kaka Thaddeus," mmoja akauliza, "huku nyuma ya jalada wameandika 'kisa cha mwanamke wa Memphis'. Ni kweli kweli?"

Thaddeus akatabasamu. Lile jibu alishalizoea, lilitoka kabla hajafikiri.

"Kila neno, dada yangu."

Kisha ndipo akamwona Vernita, na uso aliosema anataka kuutazama akautazama.

Vernita alitoka. Thaddeus alimkuta barazani, anahangaika na funguo za gari.

"Vee, ngoja. Ngoja nikueleze."

"Duka la kufulia nguo, Thad?"

"Si wewe. Ni Delphine, mtu wa kutunga."

"Delphine anaoka keki yangu! Tarehe yangu! Sukari ya bluu! Na huyo mwanaume aliyekuwa nje anasubiri, ni nani? Nilikuwa na miaka kumi na sita, nje alikuwepo mama yangu na kansa yake!"

"Niliandika hospitali. Nakuapia, Vee. Kurasa nne, wewe umemshika, nesi anakuomba mara tatu umwachie. Mhariri wa New York akanipigia simu. Akasema ni nzuri, lakini msomaji anataka mtu wa kumchukia."

"Ukampa mimi."

Thaddeus akanyoosha mkono kumshika, Vernita akarudi nyuma.

"Kiondoe madukani."

"Siwezi."

"Ni kitabu chako."

"Si changu tena. Nimewapa haki zote, za kuchapa, za kubadili, za filamu. Hata nukta siwezi kuisogeza."

"Wewe uliyekuwa unawaonya wenzako wa darasa la maktaba wasome mkataba kabla ya kusaini?"

"Nilisaini siku ileile mkataba ulipofika. Miaka tisa, Vee! Niliogopa watabadili mawazo."

Mkono wake ulikuwa mfukoni, na kwa kuchanganyikiwa, au kwa ujinga, sijui niuite nini, akatoa kiboksi cha pete. Alikuwa amepanga kupiga goti mbele ya wasomaji wake wote.

Vernita akakitazama kile kiboksi.

"Na hii ipo sura ya ngapi?"

"Vee..."

"Jumamosi naenda kumwona mwanangu. Omba Mungu asiwe mtu wa kusoma vitabu."

Jumanne alasiri, Vernita alikuwa ameegesha basi la wanafunzi analoendesha, anazunguka kuangalia kama kuna mtoto kasahau begi, simu ikaita. Aliyepiga alikuwa mama wa shirika, yule anayepitisha barua.

"Dada Vernita, umekaa?"

"Nimesimama. Sema tu."

"Micah ameghairi. Ameomba na faili lifungwe."

"Labda ana mtihani. Mwambie tusogeze mbele, mimi nitakuja siku yoyote, hata..."

"Dada Vernita, likifungwa hatuwezi kumpelekea chochote tena. Si barua, si picha. Ndivyo sheria ilivyo."

"Amesema kwa nini?"

"Amesema alimuuliza mwandishi mwenyewe, na mwandishi akamjibu."

Vernita akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamegusa kidevu. Alilia mpaka mlinzi wa yadi akaja kugonga kioo.

Kwa Thaddeus hakupiga hodi.

"Fungua barua pepe zako."

"Vee, nimekupigia simu tangu juzi..."

"Fungua! Tafuta neno 'bluu'."

Zilikuwa barua zaidi ya mia tatu. Akaliandika lile neno. Ikatokea moja, ya Ijumaa iliyopita.

*Habari ya kazi, mwandishi. Nimesoma kitabu chako mara mbili. Nina swali moja, naomba unijibu kwa ukweli. Huyo mama wa keki ya limau yenye sukari ya bluu yupo kweli? Na pale kwenye mashine ya kufulia, ilikuwa hivyo? M. Gaines, Little Rock.*

Na chini yake jibu, la Jumamosi asubuhi:

*Ndugu M., asante sana kwa kunisoma! Ndiyo, yupo, namfahamu vizuri sana. Kila neno ni kweli. Waambie na marafiki zako wasome! T. Bell.*

Vernita alisoma mara mbili.

"Little Rock, Thad. Ameandika Little Rock."

"Nilijibu barua arobaini siku ile." Alikuwa kama anaongea na meza. "Nilikuwa najibu tu. Wote wanauliza hivyohivyo. Sikuangalia... Mungu wangu, sikuangalia."

"Mwandikie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ulidanganya. Wewe si mwandishi? Andika!"

Akaandika. Sijui kama amewahi kuandika kwa shida namna ile. Aliandika kwamba jina lake la Micah alipewa na mama yake. Kwamba mama huyo alimshika siku mbili bila kulala, nesi akaomba mara tatu. Kwamba hapakuwa na duka la kufulia, hapakuwa na mwanaume, kwamba hayo aliyatunga yeye, Thaddeus, ili kitabu kiuzike, na kwamba hakuna mwenye kosa zaidi yake. Vernita alisimama nyuma ya kiti, akasoma kila mstari.

"Ongeza kwamba Jumamosi nitakuwepo palepale, saa saba."

Akaongeza. Akatuma.

Wakakaa mezani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Thaddeus alimwaga kahawa kwenye vikombe viwili, hakuna aliyekunywa.

"Nilikupenda," Vernita alisema. "Ndiyo maana nilikusimulia. Mama yangu amekufa sijawahi kumwambia kwamba naoka."

"Najua."

"Ulikuwa unanishika mkono wakati nakusimulia. Ulikuwa unaandika kichwani?"

Angeweza kudanganya. Angalau hilo hakulifanya.

"Nusu," alisema. "Nusu nilikuwa nakuhurumia."

Kompyuta ikalia. Wote wawili wakaruka.

*Bwana Bell. Jumamosi umeniambia kila neno ni kweli. Leo unaniambia ulitunga. Kazi yako ni kutunga, kwa hiyo sijui ni siku ipi kati ya hizo mbili ulikuwa kazini. Picha za keki nilikuwa nazo zote ishirini kwenye boksi. Niliziamini. Sitaki tena kuambiwa kitu na mtu yeyote kuhusu huyo mama. Usiniandikie, na yeye asije.*

Vernita hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake.

"Picha alizitunza," alisema. "Zote ishirini."

"Vee, nitakwenda mwenyewe Little Rock. Nitapiga magoti mbele yake."

"Atajuaje kama hutungi?"

Akatoka. Kile kiboksi cha pete kilikuwa juu ya friji, hakukitazama.

Jumamosi alikwenda. Usinishangae, hata wewe ungekwenda. Aliendesha saa mbili na nusu, keki kwenye kiti cha pembeni, mkanda ameifunga kama mtoto. Akakaa meza ya dirishani kuanzia saa sita. Kila kijana mrefu aliyeingia alimrusha roho. Saa kumi mhudumu akamuuliza kwa upole kama bado anamsubiri mtu. Akasema hapana, akamwachia keki yote, akarudi Memphis.

Kitabu kiliendelea kupaa. Wachapishaji wakakiuza kwa watu wa filamu. Thaddeus aliwaandikia wachapishaji akiomba wasitishe, wakamjibu kwa heshima kwamba uamuzi si wake, wakamkumbusha ukurasa wa mkataba. Alijaribu kusema ukweli kwenye vikao vya wasomaji. "Yule mama si mbaya," alisema, "mimi ndiye niliyemharibu." Wakacheka, wakampigia makofi. Walidhani ni maneno ya mwandishi mnyenyekevu. Alikwenda kwa Mama Earline, akamweleza kila kitu. Mama wa watu akafunga mlango wake kimyakimya, na tangu siku ile chama cha Orange Mound hakijamwalika tena.

Ikafika tarehe kumi na nne Oktoba. Sura ya kumi na mbili ina tarehe, na wasomaji ni watu wa kufuatilia. Tangu asubuhi simu ya Thaddeus ilijaa picha. Chama cha Detroit, chama cha Houston, akina mama wa Baltimore wamevaa njano, wote wameshika keki ya limau yenye sukari ya bluu, wote wanacheka. Alizipitia moja baada ya nyingine, akitafuta jiko analolijua, lenye vigae vyeupe na ufa karibu na dirisha. Hakuliona.

Adhuhuri akapiga simu. Miezi sita alikuwa akipiga haipokelewi. Siku ile ikapokelewa.

"Vee? Ni mimi. Usikate. Nilitaka kujua tu... umeoka?"

Kwa upande wa pili hakusikia hata vyombo vikigongana.

"Ya nini?" Vernita alisema. "Wasomaji wako wameshaoka."

Akakata simu, akaenda kuwachukua watoto wa watu shuleni.