Rangi ya Shavu la Analyn

Gardo alitoka mara moja tu kununua spiriti ya kusafishia deki ya video. Aliporudi, jua la mtaa wa Jaro, mjini Iloilo, likizama nyuma ya mnara wa kanisa, alikuta mlango wa karakana yake ya kutengeneza kanda kuukuu uko wazi na Tiya Salud, dada mkubwa wa mama yake, ameshakaa kwenye kiti cha wateja.

"Tiya, si nilisema keshokutwa?"

"Kesho ni siku ya wafu, Noy," akasema, akimwita kama alivyomwita utotoni. "Tutakesha makaburini. Nataka mwanangu aonekane."

Kazi ya ndugu ni mwiba wa samaki: kuumeza huwezi, kuutema huwezi. Kanda ilikuwa ya sherehe ya kuzaliwa ya Analyn, binti pekee wa Tiya Salud. Aliikata keki yake, na kabla ya mwaka kwisha homa ikamchukua. Mafuriko yalibeba picha nyingine zote. Uso wake ulibaki kwenye kanda hiyo tu.

Na kanda ilikuwa inamtoa Gardo roho. Kuvu alishaifuta. Mistari iliyokatiza picha alishaiondoa. Rangi ndiyo iliyomshinda. Picha yote kwenye kompyuta ilikuwa kijani kama maji ya dimbwi, Analyn kapakatwa na mama yake, keki mbele yao. Uso wa mtoto ukipata damu, wa mama unageuka jivu. Akimrudishia mama, mtoto anakuwa maiti. Akazitenga sura mbili, akatengeneza kila moja peke yake. Wapi! Akasonya, akapiga meza.

Tiya akaweka sahani ya ibos, wali mtamu uliofungwa kwa majani, kando ya deki.

"Sisimizi, Tiya! Hii ni mitambo!"

"Nyamaza. Si yako hiyo."

Gardo akameza hasira, akaongeza wekundu. Kidogo... kidogo tena... Shavu la Analyn likaiva. Midomo ikapata uhai.

Harufu ya nta ikajaa chumbani.

Hakuna aliyewasha mshumaa.

"Tiya, ona! Huyo hapo!"

Akaigonga skrini kwa kidole.

"Tiya?"

Akageuka.

Uso wa Tiya Salud ulikuwa jivu. Jivu lile lile la kwenye skrini. Mikono yake ilikuwa imepakata hewa, na machozi yalimtiririka.

"Ongeza," akanong'ona. "Bado kidogo, Noy... ongeza."

Gardo akamshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Hofu ikampanda, akairukia kompyuta na kufuta kazi yote. Kijani kikarudi. Nyuma yake, Tiya akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeopolewa majini.

Kisha akamzaba kofi.

"Alikuwa ananiangalia! Miaka yote hii namsubiri, mpumbavu wewe!"

"Ulikuwa unakufa, Tiya!"

"Nani kakuuliza?"

Akaichomoa kanda kwenye deki. Mlangoni hakugeuka hata kumtazama. "Mafundi Iloilo si wewe peke yako."

Gardo alibaki amesimama, shavu linawaka. Ndipo akaiona sahani. Ibos moja ilikuwa imefunguliwa majani. Imeng'atwa kipande, kwa meno madogo. Panya, akajiambia. Akang'ang'ania huyo panya mpaka usingizi ukamchukua.

Kesho yake alimpigia Tiya simu mpaka akachoka. Hakupokea. Makaburini alikuta jamaa wote wanakula na kuimba, ila kiti kando ya kaburi la Analyn kilikuwa kitupu. Hakuna aliyejua Tiya alipo. Akawalaani, akajilaani na yeye.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Dodong, fundi mwenzake wa mtaa wa Molo.

"Kaka, kuna kanda hapa imenitia wazimu tangu asubuhi. Nikimpata mtoto, nampoteza mama. Lakini nimeiweza, bwana! Mtoto utadhani yuko hai."

Gardo akaibana simu sikioni.

"Dodong. Mwenye kanda yuko wapi?"

"Huyu bibi? Yupo nyuma yangu. Katulia kweli, nadhani kasinzia."

"Punguza wekundu! Punguza sasa hivi!"

"Nipunguze? Baada ya taabu yote hii?" Dodong akasonya. Kiti chake kikalia, kama mtu anayegeuka. "Hebu subiri kwanza, kaka..."

"Dodong!"

"Huyu mtoto aliyepakatwa na bibi kaingia saa ngapi?"