Amplifaya ya Marehemu Kipkorir

Haya yalimpata rafiki yangu Arasa, fundi wa umeme wa magari pale Kapkatet, mwaka wa tisini na sita. Asubuhi moja ya ukungu mteja mmoja, Benard, alifika gereji pikapu yake ikisukumwa. Kila asubuhi betri ilikuwa imekufa.

"Na hii betri ni mpya," akalalamika.

Arasa alifungua waya mmoja wa betri, akaunganisha taa ya kupimia hapo katikati, kisha akachomoa fyuzi moja moja. Taa iliendelea kuwaka. Ilizima tu alipotoa waya mnene ulioenda nyuma ya kiti. Huko kulikuwa na amplifaya, imeungwa moja kwa moja, hailali hata gari ikizimwa, spika zikivuma kwa chini.

"Hii umetoa wapi?"

"Kwa gari ya marehemu ndugu yangu."

Kipkorir alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Benard aliifungua amplifaya kabla kaburi halijachimbwa, kabla wazee hawajakaa kugawa vitu. Mimi simhurumii. Mjane, Cheptoo, alimtazama tu, akamwambia, "Beba. Mwenyewe ataifuata."

Arasa akaitoa, akaiweka mezani. Ule mvumo wa spika ukakatika.

"Si nilijua ni waya tu," Benard akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi kirefu, kikavu. Arasa alikijua. Kipkorir alikuwa mteja wake.

Pale mezani, bila waya wowote, taa nyekundu ya amplifaya iliwaka. Benard akikohoa, inawaka. Akinyamaza avute pumzi, inazima, inangoja.