Taa ya Tatu

Taa za Cicily zilikuwa mbili, lakini machoni mwa wateja wake ziliwaka tatu.

Aliligundua jambo hilo Jumatatu moja, katika studio yake ndogo pale Karurumo, alipokuwa akizisafisha picha kwenye kompyuta. Taa inayomulika uso huacha nukta nyeupe ndani ya jicho, na nukta hiyo ndiyo inayolifanya jicho lionekane hai. Taa ya kushoto, nukta moja. Taa ya kulia, nukta ya pili. Hii ya tatu ilikaa katikati, juu kidogo, kama taa iliyoshikwa na mtu nyuma ya bega la Cicily, mahali palipokuwa na ukuta mtupu tu.

Akazifuta nukta zile, akachapisha picha, akanyamaza.

Alinyamaza kwa sababu picha zilikuwa nzuri. Wateja wake wengi walitaka picha za kitambulisho, na picha ya kitambulisho hukataliwa ikiwa na kivuli nyuma ya kichwa. Mwaka mzima alikuwa amepigana na kivuli hicho. Alisogeza taa. Alimweka mteja mbali na ukuta. Aliinua kadibodi iliyobandikwa karatasi ya fedha, ili mwanga urudi chini ya kidevu. Na bado kikabaki kitu, ukungu wa kijivu kando ya sikio. Sasa ukungu ule ulikuwa umekwisha wenyewe, na pamoja nao makovu, mikunjo, mashimo ya mashavu. Nyuso zilitoka laini kama sahani. Kawira, mwenye saluni ya jirani, akamtania kwamba siku hizi wateja wake wanapigwa pasi, si picha.

Alhamisi akampiga picha mama yake, Nelius, ambaye kitambulisho chake cha zamani kilikuwa kimefutika. Mama alipoketi alilalamika kwamba taa zinamtia baridi. Cicily akacheka, maana taa zile zilikuwa moto kiasi cha kuunguza vumbi.

"Usitikisike, Mami," akasema, akabonyeza.

Jumapili, baada ya ibada, akina mama walisimama uani kwa kanisa wakizungumza, na vivuli vyao vimelala miguuni pao. Miguuni pa Nelius palikuwa na nyasi tupu. Alivaa sweta mbili na bado alitetemeka. Nyumbani aliketi kando ya meza ya kuanikia kahawa, jua likimpiga utosini, asipate joto. Kuku walikanyaga miguu yake kana kwamba pale hapana mtu.

"Nimekuwa mwepesi, Cicily," akasema kwa sauti nyembamba. "Nikisimama naogopa upepo."

Usiku ule Cicily hakulala. Alipitia picha za majuma mawili, akatafuta ya kwanza yenye nukta tatu. Ilikuwa ya mzee Nyaga wa Kanja. Mzee Nyaga alikuwa amezikwa juzi. Watu walisema hakuugua, alizimika tu, siku ya kumi tangu alipotoka Karurumo kupigwa picha. Mama alikuwa kwenye siku ya tatu.

Alipomweleza Kawira, Kawira alicheka kwanza. "Jini? Na hii baridi yetu? Wee, majini ni ya Mombasa, kwa joto." Kisha akaenda kumjulia hali Nelius, akatazama chini, na mzaha wake ukamfia mdomoni. Akasema kuna mganga kule Gachoka. Lakini mama alitaka kanisa, kwa hiyo akaja mzee wa kanisa, Mutugi, na wanawake wawili. Waliimba studioni, wakaomba, na walipokuwa wakiomba ukutani kukaanza mvumo, kama wa nyuki ndani ya kopo, pakanuka nywele zilizoungua. Mutugi akafumbua macho, akatazama miguuni pake kama kivuli chake bado kipo, akatoka nje kabla ya amina. Barabarani alimshauri Cicily apigilie mlango misumari, ahamie mjini.

"Na Mami?" Cicily akauliza.

Mutugi akawaita wale wanawake waondoke.

"Basi sifungi," Cicily akasema.

Jumanne, saa mbili asubuhi, aliingia peke yake. Akavuta pazia, akawasha taa zote mbili, akaketi kwenye kigoda cha wateja, kamera ikimtazama. Kwanza alisikia mvumo. Kisha ikaja ile harufu. Kisha akahisi baridi ikipanda kutoka kwenye vidole vya miguu, ikapita magoti, ikapita tumbo, ikamfikia kooni polepole kama maji yanayojaa pipa, na ukuta ulio nyuma ya kamera ukaanza kuwa mweupe, mweupe kupita shuka, mweupe kupita jua, mpaka akashindwa kujua ukuta uko wapi na chumba kinaishia wapi, na katikati ya weupe ule kikasimama kitu kirefu kisicho na pua, kisicho na mashavu, kisicho na upande, kikasema kwa sauti yake mwenyewe Cicily, sauti aliyowaambia nayo wateja wote:

"Usitikisike."

Akatikisika. Aliinuka.

"Unanifukuza?" kikanong'ona. "Vivuli ulivifukuza mwenyewe. Mimi nilivila tu."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Akanyoosha mkono, akazima taa ya kushoto. Akazima ya kulia. Kile kitu kikabaki kinawaka, na katika mwanga wake Cicily mwenyewe hakuwa na kivuli. Ndipo alipoelewa. Kitu hiki kilimulika kila mtu kwa mbele, kikameza mifupa ya kila uso, lakini chenyewe hakijawahi kumulikwa.

Akafungua mlango. Jua la asubuhi likaingia chini chini, la manjano. Akainua ile kadibodi ya fedha, akalidaka jua, akakirushia ubavuni.

Kikapiga kelele, na sasa kilikuwa na pua. Kikawa na shavu moja lenye mwanga na moja lenye giza, tundu la jicho, mshipa wa shingo. Nyuma yake, ukutani, kikaanguka kivuli kinene, vivuli vingi vilivyorundikana. Kikajaribu kuligeukia jua. Cicily akazunguka nacho, kadibodi kwapani ikiendelea kurusha jua, kamera mkononi.

"Geuka kidogo," akakiambia. "Inua kidevu."

"Nakuomba," kikasema.

"Nimesema kidevu."

Akabonyeza. Kivuli kimoja kikabanduka ukutani, kikateleza sakafuni, kikatoka mlangoni mbio. Akabonyeza tena, na tena, mpaka kikatoka kimoja chenye kitambaa kichwani na bega la kulia lililoshuka kwa miaka ya kubeba kahawa. Alikitambua, akalia, akaendelea kubonyeza. Mwishowe kilichobaki ukutani ni nukta, ndogo kama ya jichoni.

"Nitarudi," ikasema.

"Rudi. Nitakupiga nyingine."

Akaipuliza kama mshumaa.

Kabla ya saa nne mama alipiga simu, sauti imejaa, akigomba kwamba jua limekuwa kali na nani amechukua mwavuli wake. Kanja, Cicily alikwenda mwenyewe. Alimweleza mjane wa Nyaga kila kitu, pamoja na kunyamaza kwake, na hakukaribishwa kuketi.

Siku iliyofuata alifungua studio. Aliwasha taa moja, upande wa dirisha. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu. Alipopewa picha aliitazama kwa muda, akasema inamfanya aonekane mzee, na hili giza la shavuni halifai, angeomba liondolewe.

"Hilo ni lako, mwalimu," Cicily akamwambia. "Utaondoka nalo."