Aliyeitikia Ndani ya Boksi

Mwali wa mshumaa uliinama kuelekea kwenye tundu, ukanyooka, ukainama tena.

Fundi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anauzungusha mshumaa kwenye maungio ya boksi la plaiwudi alilolipiga gundi tangu asubuhi. Ndivyo alivyozoea kupima. Penye upenyo mwali hutikisika, naye hupaongezea gundi. Maungio yote yalikuwa mazima. Ila pale mbele, kwenye tundu la mviringo la kutolea besi, mwali ulivutwa ndani, ukaachwa, kisha ukasukumwa nje taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala. Na boksi lilikuwa tupu. Hata nafasi ya kukaa spika yenyewe alikuwa bado hajaikata.

"Upepo," alijiambia, akaenda kufunga dirisha.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Fundi hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Umeme ulishampiga mara nyingi hata akawa anautania. Aliuzima mshumaa akaendelea na kazi, maana kazi yenyewe aliifanya kwa mapenzi. Spika ile ilikuwa ya mkewe.

Mkewe watu walimwita Zumari, kwa sababu ya sauti. Alikuwa mshereheshaji. Akishika maiki, hata aliyekuja na kisirani chake hujikuta anapiga makofi. Lakini tamasha la mwisho alilolisimamia, kwenye kiwanja kisicho na umeme, jenereta lilikohoa likafa katikati ya shughuli. Zumari akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na watu wakaondoka mmojammoja, wakimwacha anahutubia viti. Alirudi nyumbani viatu mkononi, akaketi kizingitini akalia.

"Nyamaza," Fundi alimwambia. "Nitakutengenezea spika yako mwenyewe. Ya betri. Nitaitia magurudumu na mpini, uivute kama begi la safari. Kiwanja kiwe na umeme, kisiwe na umeme, wewe utasikika."

Sasa boksi lilikuwa tayari, na jua lilikuwa linazama Zumari alipoingia chumba cha kazi kulitazama. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole, akaridhika. Kisha akainama mpaka mdomo ukakaribia lile tundu, akatoa sauti yake ya jukwaani.

"Karibuni, wageni wetu! Ingieni, msisimame mlangoni! Hapa ni kwenu, jisikieni mko nyumbani!"

"Ahsante."

Zumari akacheka. "Leo mume wangu ana adabu! Umeitikia kama mgeni rasmi."

Fundi, aliyekuwa nyuma yake anatafuta skrubu mezani, aligeuka. "Mimi? Si wewe uliyesema?"

Walitazamana. Kila mmoja akamcheka mwenzake, lakini kicheko kilikwisha upesi, na Zumari akasema anaenda kuangalia chungu jikoni.

Fundi alimalizia kazi siku zilizofuata. Alikata nafasi ya spika, akafunga amplifaya, akaunga betri alizozichomoa kwenye kompyuta mbovu, akazipanga chini ya boksi ili lisipinduke likivutwa. Alipoliwasha, alibaki mdomo wazi. Sauti ilikuwa nzito, safi, inaingia kifuani kabla ya masikioni. Akaliacha likipiga muziki kutwa nzima kupima betri, na zile taa ndogo za kuonyesha chaji hazikupungua hata moja. Alijisifu kwa majirani mpaka wakamchoka.

Cha ajabu kilikuwa harufu. Chumba cha kazi, ambacho siku zote kilinuka gundi na risasi ya kulehemu, kilianza kunuka tope la kisima cha zamani. Fundi alitafuta panya aliyekufa, hakumpata.

Na Zumari akaanza kukauka koo.

Mwanzoni walidhani ni mafua. Alikunywa tangawizi na asali, akajifunga kitambaa shingoni. Lakini kila alipofanya mazoezi na ile spika, kwa ajili ya tamasha jingine aliloalikwa, alitoka na sauti nyembamba kuliko aliyoingia nayo. Asubuhi moja Fundi alimkuta ameketi jikoni anamenya viazi, kimya, na kutoka chumba cha kazi sauti yake Zumari ilikuwa inaimba. Ulikuwa wimbo ambao huuimba akiwa na furaha. Maiki ilikuwa mezani, imezimwa.

"Umerekodi?" Fundi aliuliza.

Zumari akatikisa kichwa. Macho yalikuwa yamemtoka.

Fundi akaingia, akabonyeza swichi. Wimbo ukaendelea. Akafungua mfuniko wa nyuma, akachomoa waya za betri, moja, ya pili, akazishika mkononi, na wimbo ukaendelea mpaka ukafika mwisho wake. Halafu sauti ya mkewe ikakohoa kidogo, kama mtu anayejiweka sawa, ikanyamaza.

"Hatulipeleki kwenye tamasha," Fundi alisema.

"Nimeshaahidi," Zumari alinong'ona, na mnong'ono wenyewe ulikuwa unakatika. "Wakisikia nimeshindwa tena, nani ataniita? Funga waya zako. Labda umekosea mahali."

Yeye mwenyewe hakuamini alichokisema. Lakini mtu anayezama hushika chochote, na Fundi alikubali kwa kuwa alishindwa kumtazama akilia mara ya pili.

Kiwanja kilijaa. Zumari alipanda jukwaani mchana kweupe, amevaa gauni lake la kijani, akashika maiki, akafungua mdomo. Fundi, aliyesimama chini karibu kabisa, alisikia kwamba kinywani mwa mkewe hakikutoka kitu. Hata pumzi. Lakini spika ilizungumza. Ilizungumza kwa sauti ya Zumari, tamu kuliko ya Zumari, ikatania, ikaimba, ikawainua watu kwenye viti, na Zumari akabaki anafumbua na kufumba mdomo, akifuata nyuma kama mtu anayekimbiza gari, jasho linamchuruzika, mpaka akachoka akaushusha mkono wenye maiki. Spika haikujali. Ikasema:

"Na yule pale chini ni mume wangu. Mtazameni. Mbona anatetemeka?"

Umati ukaangua kicheko.

Tangu siku hiyo Zumari hakuwa na sauti. Akikohoa, kimya. Akipiga chafya, mwili unatikisika na hakuna kinachosikika. Usiku na mchana boksi lilikuwa linaongea peke yake chumba cha kazi, mlango ukiwa umefungwa kwa kufuli.

Fundi alichukua nyundo. Aliingia akapiga kwa nguvu zake zote ubavuni mwa boksi, na plaiwudi haikupasuka, ila nje ya mlango kitu kizito kilianguka, na yowe likatoka, yowe la mkewe la maumivu makali, naye akageuka mbio kumfuata, akamkuta sakafuni amejishika mbavu, mdomo wazi, shingo imekakamaa, analia bila mlio wowote, na ndipo alipotambua kwamba yowe lilikuwa linatokea nyuma yake, ndani ya boksi, na kwamba sasa lilikuwa limegeuka kicheko.

Aliitupa nyundo. Akamkumbatia mkewe palepale chini. Hakujua aombe nini, wala amwombe nani.

Mama mkwe alikuja kesho yake baada ya majirani kumpigia simu. Alifika analia, akaenda moja kwa moja kwa binti yake, akamshika mashavu. Kutoka chumba cha kazi sauti ikasema kwa upole:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Mama alimwachia yule aliyekuwa mikononi mwake, akageuka. "Yuko humu?"

"Mama, usiingie," Fundi alimzuia.

"Mama, wamenifungia," sauti ikasema. "Huku kuna giza."

Mama mkwe aliisukuma kando mikono ya Fundi, akapiga magoti mlangoni, akaweka shavu kwenye ubao. Akaanza kuongea na boksi. Alilibembeleza, aliliita kwa jina la utotoni, nalo likaitika kila alipoliita. Zumari alisimama nyuma yake, akamgusa bega. Mama hakugeuka. Akamgusa tena. Fundi aliyaona macho ya mkewe wakati ule, na hayo ndiyo yaliyomtoa nyumbani mbio, bila viatu, kwenda kumtafuta mtabibu.

Mtabibu alikuwa mwanamke mfupi, muuzaji wa udi na mafuta, aliyezungumza haraka kama mwenye basi la kuwahi. Alivua raba zake mlangoni, akanusa hewa, akazivaa tena. Akamwambia mama mkwe atoke nje. Kisha akafukiza ubani, akasoma dua zake, akaamrisha. Boksi lilimsikiliza mpaka akamaliza.

"Nilikaribishwa," lilisema. "Niliambiwa hapa ni kwetu. Aliyenikaribisha aniage mwenyewe. Wewe ni nani?"

Mtabibu alitoka akaenda uani. Akamvuta Fundi mpaka ukutani, wakanong'ona.

"Ni kweli alimkaribisha?"

Fundi akamweleza habari ya ile jioni.

"Basi mimi nimefika mwisho, baba. Huyu si mwizi aliyevunja mlango, huyu ni mgeni. Neno la mwenyeji ndilo lililomwingiza, na neno la mwenyeji ndilo litakalomtoa. Na mwenyeji hana sauti."

"Ataongea lini?"

"Hataongea. Ameshachukuliwa sauti, na baada ya sauti huchukuliwa pumzi. Mtazame anavyopumua."

Fundi alimtazama mkewe. Alikuwa ameketi chini kando ya mlango, mabega yanapanda na kushuka kwa shida. Fundi akajipiga kipaji cha uso kwa kiganja, mara kadhaa, kama mtu anayegonga redio ili ishike. Ghafla akaacha.

"Lakini sauti si ipo?" alinong'ona. "Ipo. Iko humo ndani."

Mtabibu akamkazia macho.

"Neno likitoka humo, kwa sauti ya mke wangu, si litakuwa la mwenyeji?"

"Na utamfanyaje aliseme?"

"Boksi la spika hutiwa pamba ndani, sauti isigongane na kuta. Hili sikulitia. Liko wazi, ndiyo maana amejinyoosha. Nitamjazia nyumba."

Walipasua godoro la kitandani. Mtabibu akaifukiza pamba kwa ubani bonge baada ya bonge, Fundi akaingia, akapiga magoti mbele ya lile tundu, akasukuma bonge la kwanza ndani.

"Mume wangu kipenzi," sauti ikasema. "Unafanya nini?"

Akasukuma la pili. La tatu. Sauti ikamsihi, ikamkumbusha maneno ambayo Zumari alimwambia siku ya kuposwa na hakuna mwingine aliyeyasikia, ikalia kwa kwikwi, ikasema inaumia, inakosa hewa, nje Zumari akawa anajikunjakunja na mama mkwe anapiga ukuta akimwita Fundi muuaji, naye Fundi akaendelea kusukuma, machozi yanamlowesha kidevu, mkono umezama tunduni hadi kwenye kiwiko, hadi begani, mpaka mle ndani, penye kina kisichoweza kuwamo katika boksi lile, vidole vikamshika kifundo cha mkono, vidole vya baridi, vingi kuliko vya mtu mmoja, vikaanza kumsukuma nje, na sauti ya mkewe, sasa imezibwa na pamba na imejaa hasira, ikapasuka:

"Toka! Toka humu! Ondoka nyumbani kwangu!"

Mtabibu akaruka. "Umesikia? Mwenyeji amesema! Sauti ni ya mwenyeji, neno ni la mwenyeji! Ondoka!"

Boksi likapumua nje, pumzi moja ndefu, na pamba ikaruka chumba kizima, na kitu kikawapita kikinuka tope la kisima. Pale mlangoni Zumari alivuta hewa kwa kishindo, akakohoa. Kikohozi kikasikika.

"Maji," alisema.

Mama mkwe alimwangukia. Mtabibu hakusubiri hata ahsante; alisema tu lile boksi lichomwe kabla ya jioni, na Fundi akalivunja kwa nyundo akalichoma uani, akigeuza vipande mpaka betri zikapasuka na plaiwudi ikawa jivu.

Siku zile za mwanzo Zumari aliongea bila kupumzika. Alimsimulia kila aliyekuja kumpa pole. Aliita majirani kwa majina kupitia dirishani ili tu asikie anaita. Fundi alikuwa akiacha kazi anakwenda kuketi karibu naye, anasikiliza, na moyo ukamtulia.

Sauti ilikuwa kazi ya Fundi, kwa hiyo yeye ndiye aliyeona. Mwingine asingeona. Midomo ya mkewe ilikuwa inatangulia. Ni kidogo tu, kama televisheni ambayo picha na sauti zimepishana. Midomo husema, halafu neno linafika. Alijiambia ni macho yake, amechoka. Lakini kila siku neno lilichelewa zaidi kidogo.

Alasiri moja walikuwa wameketi mkekani, wao wawili, wanakunywa chai. Fundi alikuwa anamtazama mdomo, kama alivyozoea siku hizo, bila kukusudia. Zumari alikiinua kikombe, akakiweka midomoni, akanywa. Koo likapanda na kushuka, analimeza funda. Na alipokuwa angali anameza, sauti yake ilisema, kwa uchangamfu ule ule wa jukwaani:

"Unanitazama nini, mume wangu?"

Juu ya ukingo wa kikombe macho ya Zumari yalikuwa yamejaa machozi, yamemkazia, yanamsihi asiseme chochote.

"Nakutazama wewe," Fundi alijibu. Alilisema hilo akiyaangalia yale macho, akaunyoosha mkono taratibu, akamshika mkewe mkono.