Nano Si Nanaa

Kila asubuhi Saada alichukua kopo akenda bandani kumkamua Maringo, na mwanawe Kauthar akapata maziwa. Wiki ile ya mvua kopo lilirudi tupu. Maringo alikohoa, kamasi zilimtoka, majani hayataki. Saada alihofu, maana ng'ombe wao ni huyo mmoja tu.

Mumewe Jecha alikuwa akikuna nazi, redio sikioni. Ghafla akainuka. Alisema dawa imepatikana: wataalamu wanachanganya mafuta ya mimea na nanaa, mapafu ya ng'ombe yanapona.

Mafuta ya karafuu yalikuwamo ndani, na nanaa imejaa uani. Akatwanga, akachanganya kibakulini. Saada, aliyesoma darasa la jioni, aliuliza kipimo ni kiasi gani.

"Kipimo cha mkono," alijibu Jecha. "Mshike pua."

Tone la kwanza tu puani, Maringo akapiga chafya. Jecha akawa kijani toka kofia hadi shati. Ua mzima ukanukia.

Hapo ikapigwa hodi. Alikuwa Bi Ruweida, daktari wa mifugo, ambaye Saada alimpigia simu mapema. Alinusa, akamtazama Jecha.

"Pilau ya nani leo?"

Saada alicheka mpaka akakaa chini. Jecha akaeleza habari ya redio.

"Walisema nano, baba, si nanaa," alisema Bi Ruweida. "Ni chembe ndogo mno. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko hiyo chembe kama mara elfu. Zinabeba mafuta ya mimea yapambane na vijidudu. Lakini bado wanajaribu, tena kwa vipimo. Ukimmiminia puani, yatamwingia mapafuni umuue."

Jecha akakiweka kibakuli chini taratibu.

Bi Ruweida alimpima Maringo, akamchoma sindano, akasema atakuwa akirudi mpaka dozi imalizike. Aliwaambia wamtenge na ng'ombe wa jirani, na wayatoe magunia yaliyoziba banda ili hewa ipite. Maziwa yasinywewe, maana yatakuwa na dawa, mpaka siku atakazowatajia zitimie.

Jecha aliyang'oa magunia yote mwenyewe. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Siku zilipotimia, kopo likajaa, na Kauthar akapata masharubu meupe.

Saada akapika chai ya maziwa. Jecha akachuma jani la nanaa, akalitia kikombeni mwake.

"Huku ndiko kwake," alisema.

Bandani, Maringo akapiga chafya. Jecha akaishika kofia yake.