Kitufe Chenye Doa Jekundu

Kwanza ilisikika sauti. Sauti moja tu, nene, isiyopanda wala kushuka, kama ya ndama aliyetenganishwa na mamaye, ikitoka katikati ya umati wa Barabara ya Chitpur, pale tramu zinapokwama nyuma ya mikokoteni. Wauza maua wakageuza shingo. Fundi wa ngoma akaacha nyundo yake hewani. Ndipo akatokeza Pallab, kijana wa miaka thelathini na mitatu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, amekumbatia kinanda cha mvukuto kifuani. Kila alipopiga hatua, mvukuto uliong'oka kifungo ulifunguka na kufumbika, na kitufe kimoja kilichokwama kikalia.

Hakuona haya. Haya nayo yataka moyo ulio macho, na moyo wa Pallab ulikuwa umekufa ganzi tangu mwezi wa Falgun, Februari ikielekea Machi, alipouwasha moto wa mwisho wa mama yake kando ya mto. Alinyoa kichwa kama ilivyompasa, akala chakula cha matanga kwa siku zake zote, akapokea pole za jamaa, na hakulia. Nywele ziliota tena. Machozi hayakuja. Alikuwa kama mguu uliokaliwa: upo, unauona, lakini ukiufinya ni wa mtu mwingine. Leo, miezi minane baadaye, alikuwa akikipeleka kinanda cha marehemu kwa fundi wa vinanda, akichukue yeyote anayekitaka.

"Kaka, mtoto wako analia," sauti ya kike ikasema ubavuni pake. "Mnyonyeshe, au mweke chini."

Alikuwa mwanamke aliyevaa sari ya pamba ya manjano iliyokolea, pindo lake limeingia weusi wa mkaa wa kuchorea, na vidole vyake vimeingia weusi uleule. Miwani yake ilikuwa imefungwa uzi mkono wa kushoto. Pallab alikuwa mkata lenzi katika duka moja la miwani kule Bowbazar, kwa hiyo aliiona miwani kabla hajauona uso.

"Miwani yako imelalia upande," akamwambia. "Sikio lako la kushoto liko chini kuliko la kulia. Milimita tatu hivi."

"Wenzako huanza kwa kunisifu macho."

"Yameachana milimita sitini na mbili. Ni ya kawaida."

Mwanamke alicheka hadi wauza maua nao wakacheka bila kujua kisa. Jina lake Jhinuk. Alifundisha kuchora katika shule ndogo ya Mwalimu Reba huko Shyambazar, ghorofa ya tatu, yenye kibao kilichoandikwa: nyimbo na michoro, hata kwa asiyejua kitu. Siku hiyo alikuja kuchukua ngoma ya shule iliyokuwa ikiwambwa upya. Alimfuata Pallab hadi kwa fundi, akatazama kitufe kilichokwama kikifunguliwa kwa ncha ya kisu, akaona kina doa jekundu la rangi ya kucha.

Akauliza kinanda ni cha nani. Cha mama, Pallab akajibu. Doa je? Akaeleza kwamba macho ya mama yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alikiwekea alama kitufe cha sa, ile sauti ya kwanza ambayo kila mwimbaji husimamia, asikikose.

"Na mama anajua unakitoa?"

"Hana neno," akasema Pallab.

Hakusema uongo. Aliuacha mlango nusu wazi tu, na neno lililopaswa kupita pale halikupita. Jhinuk alimtazama kwa miwani yake iliyolala, akamwambia kwamba kutoa kinanda ambacho hujawahi kukijaribu ni sawa na kumwacha mchumba usiyewahi kumsalimu. Pallab akarudi nyumbani na kinanda chake begani. Jumanne iliyofuata alipanda zile ghorofa tatu.

Sheria ya Mwalimu Reba ilikuwa moja: anayejifunza kuimba ajifunze na kuchora, kwa sababu sikio na jicho ni ndugu, na ndugu mmoja akilala njaa wa pili hashibi. Jhinuk mwenyewe alifundisha kuchora kwa mkaa saa tisa, na saa kumi alikaa mkekani pamoja na wanagenzi, yeye ndiye asiyejua kuimba kuliko wote. Wiki sita nzima waliimba sa tu, wanagenzi sita kwa pamoja, pumzi moja ndefu, wakiinama kama watu wanaopuliza kaa la moto lisizimike.

Upande wa kuchora, Jhinuk alimwekea mezani kikombe cha udongo cha chai. Pallab akachora mdomo wa kikombe duara kamili, kama lenzi.

"Umechora unachokijua, Bwana Milimita," Jhinuk akamwambia. "Chora unachokiona. Kutoka hapo ulipokaa, hilo ni duara?"

Pallab akatazama. Lilikuwa yai lililolala. Akaomba ufutio, akaambiwa humu hamna. "Mstari uliokosea uache ulivyo. Pitisha mwingine kando yake. Mwenye kuangalia ataona umetafuta."

Basi vikombe vyake vikawa na midomo minne minne, na Jhinuk akavibandika ukutani akisema hivyo vinasengenya.

Jioni zikawa za simu. Jhinuk angepiga, asiseme hujambo, aseme tu, "Nipe sa." Pallab angekivuta kinanda, akabonyeza doa jekundu, akaikwea ile sauti kama mtu anayefikia rafu ya juu kwa ncha za vidole, na katikati ikamkatikia.

"Paka amekanyagwa," Jhinuk angesema. "Lakini ni paka wangu. Umekula?"

Pallab angejibu kwamba amekula, hakumbuki nini. Pallab alijua kwamba anampenda, kwa jinsi mtu aliye ndani ajuavyo kwamba nje kuna mvua: anaona miavuli. Aliona mkono wake mwenyewe ukinyoosha fremu ya miwani ya Jhinuk usiku, saa zisizokuwa za kazi. Aliona miguu yake ikishuka tramu kituo kimoja kabla, amsindikize. Mvua yenyewe haikumlowesha.

Jhinuk alimwambia kisa chake bila kuomba huruma. Familia nne zilikwisha kuja nyumbani kwao kumtazama awe mke. Familia nne zilikula sandeshi za baba yake, vile vitamu vya maziwa, zikafuta vidole, zikasema, haya binti, hebu tuimbie. Mara nne aliimba vibaya, na mara nne mama wa bwana harusi akatazama saa. Ndiyo maana alikuwa akijifunza: si ili apite mtihani, bali ili wa tano wakija, ajue anachokataa kuwapa.

"Safari hii nataka kwenda mimi," akasema. "Nipeleke nimsalimie mama yako."

Pallab akasema, si leo, mama amepumzika. Jumapili ya pili akasema hivyohivyo. Jumapili ya tatu, baridi ya Januari imeshika na sukari guru mpya imeingia sokoni, Jhinuk alisimama kwenye ngazi za shule akiwa na shali ya kijivu, kifurushi cha sandeshi mkononi.

"Ana ugonjwa gani huu unaoshika Jumapili tu?"

Pallab akakitazama kifurushi.

"Niliimbishwa mbele ya mama wanne, nikakataliwa. Wako anakataa hata kunisikia. Sema tu, Pallab. Ni miaka yangu, au ni vidole vyangu vyeusi?"

Angeweza kusema maneno mawili. Aliyaona, amesimama mbele yake kama abiria mbele ya tramu iliyofunga milango. Jhinuk akamkabidhi kifurushi, akashuka. Simu ikanyamaza. Kutoka kwa wanagenzi wenzake Pallab akasikia kwamba familia ya tano inakuja Jumapili.

Jumamosi Mwalimu Reba alimwita peke yake. Alitaka kila mwanagenzi alete kinanda anachofanyia mazoezi nyumbani, aimbe bila wenzake wa kumfunika. Pallab akaweka kidole kwenye doa jekundu, akakwea, akakatika. Akakwea tena, akakatika palepale.

"Nani amekupa sa hii?"

"Ni ya mama."

"Mama yako anaimba?"

"Miaka arobaini."

Mwalimu Reba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sari. "Mwanangu, mama aliyeimba miaka arobaini hawezi kukaa nyumba moja na kelele hii miezi mitatu akanyamaza."

"Amenyamaza," akasema Pallab. "Amekufa, Mwalimu."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kupita kinywani mwake. Mwalimu hakusema pole. Alikishika kidole chake, akakihamisha vitufe vitano kushoto, akakiweka hapo. "Hii ya juu ni ya mwanamke. Wewe uko hapa chini. Imba."

Pallab akaimba. Sauti ikatoka nzito, yenye kokoto, wala haikukatika. Na pale kifuani pakaanza kile kichomi cha mguu unaozinduka, sindano elfu, hata akatamani ganzi irudi.

Alipiga simu akiwa ngazini bado. Jhinuk alipokea.

"Mama amekufa," Pallab akasema. "Tangu Falgun. Si kwamba hakutaka kukuona."

Kisha Jhinuk akauliza kama nyumbani kuna chai.

Alifika Jumapili asubuhi, amevaa sari ileile ya manjano. Alikuwa amemwambia baba yake kwamba sauti imekauka, wageni wakitaka nyimbo wawashe redio. Aliikuta picha ukutani, mama mwenye lenzi nene, shada la maua makavu limening'inia juu yake. Akainama, akagusa sakafu chini ya picha, kisha kipaji cha uso wake. Pallab akaleta chai, akanywa upesi ikamuunguza ulimi. Aliisikia ikiunguza. Akanywa tena.

"Ulikuwa unaikwea sa yake muda wote huu," Jhinuk akasema. "Nami nikakuita paka."

Pallab akachukua kisu, alikwangue lile doa. Jhinuk akamzuia kiganja.

"Humu hamna ufutio," akasema. Akatoa mkaa kwenye mkoba wake, akahesabu vitufe vitano kushoto, akaweka doa jeusi.

Pallab akayatazama madoa mawili. Halafu akamtazama yeye.

"Falgun mwaka wa matanga unatimia," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya chini. "Nitakuja kwa baba yako na kinanda hiki begani. Wewe utakaa kitini, ule sandeshi, utazame saa ukitaka. Safari hii mimi ndiye nitaimba."