Tadei na Pumzi Inayokatika

Asubuhi moja kule Endagikot, Tadei alisinzia huku ameshika plau. Maksai wakaacha mstari, wakakanyaga vitunguu saumu vya jirani.

"Wewe baba!" mkewe Genoveva alifoka. "Leo vitunguu. Kesho ukisinzia kwenye pikipiki je? Utaniachia hawa watoto?"

Tadei alihamia hapo kutoka Katesh, mji ulio chini ya mlima. Huko, mvua kubwa iliposhusha tope toka mlimani, lilimfukia kaka yake akafa. Tangu hapo akawa analala chali, viatu miguuni, macho mlangoni, ili akimbie upesi. Na kabla ya kulala, pombe, apate kusahau. Basi anakoroma, ananyamaza kabisa, halafu anaruka: "Tope!"

Majirani wakasema marehemu kaka yake anamwita.

"Mtu anayeitwa hakoromi," Genoveva akawajibu. Akamshika mumewe mkono mpaka kwa Scolastica, muuguzi wa zahanati.

"Shikamoo mama," Tadei alisalimia.

"Marahaba. Sema wewe, mke. Mkoromaji hajui kitu."

"Anakoroma kama mashine ya kusaga. Halafu kimya. Pumzi hakuna. Namtikisa ndiyo inarudi."

Scolastica akaacha kutabasamu. "Hapo koo linaziba. Akikosa hewa, mwili unamshtua. Na kichwa chake bado kina kiwewe cha tope, kinaona tope limerudi kumfukia yeye. Hofu nayo inamkatia usingizi. Ni magonjwa mawili, yanasukumana."

"Kwa hiyo mimi si kichaa?" Tadei aliuliza.

"Si kichaa. Unaumwa. Pombe inalegeza koo, iache. Ukilala chali ulimi unarudi nyuma, kwa hiyo lala ubavu. Pikipiki iweke kando kwanza. Nakupa rufaa, hospitali kubwa wakupime usingizi. Na hiyo hofu ina mshauri wake, umwone pia."

"Nikilala ubavu naangalia ukuta. Mlango je?"

"Mlango nitauangalia mimi," alisema Genoveva.

Alishona gunzi la mahindi mgongoni mwa fulana ya mumewe. Akigeuka chali, linamchoma.

"Mke wangu ananitesa!" Tadei alilalamika.

"Nakutesa uishi."

Hospitali walithibitisha: pumzi inakatika usingizini. Wakampa mashine ya kusukuma hewa, anavaa barakoa yake kila akilala. Kwa mshauri, Tadei alilia, akalitaja jina la kaka yake. Alirudi tena na tena.

Hofu haijaisha yote, lakini anapumua. Siku hizi asubuhi yeye ndiye anayechemsha chai, na watoto wakipiga kelele anawanyamazisha.

"Taratibu. Mama yenu bado amelala."